Wazee wa Mizabibu Walipoulizwa

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)

Juma hili tuzungumze habari ya ufundi uliopata kuuawa kwa sheria, ukakaa kaburini karibu miaka 14, kisha ukafufuliwa kwa sheria nyingine, na ulipofufuka wenyewe hawakuutambua. Ni ufundi wa kutengeneza mvinyo wa zabibu katika jimbo la California, huko Marekani.

Najua wapo wasikilizaji ambao imani yao haiwaruhusu hata kukaa karibu na chupa ya namna hiyo, na sina nia ya kumsifia mtu ulevi. Walevi wana wasemaji wao wa kutosha. Kinachonivuta ni swali jingine kabisa. Kazi ya mikono ambayo haikuandikwa kitabuni inakaa wapi? Na ikikatizwa kwa muda huo wote, nani atasema ilikuwa ikifanywaje?

Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kiliamua kuwauliza wazee. Chuo hicho kina maktaba mashuhuri ya Bancroft, na ndani yake ilikuwamo ofisi maalumu ya historia simulizi. Mwanamke mmoja, Ruth Teiser, alichukua kinasa sauti chake akaanza kuwafuata watengenezaji mvinyo na wataalamu wa mizabibu, mmoja baada ya mwingine. Umezaliwa wapi? Nani alikufundisha? Mapipa mliyaosha kwa nini? Mwaka ule wa baridi kali mlifanyaje? Maneno yao yakatolewa kwenye kanda, yakapigwa chapa, msimulizi akapewa ayasome na kuyasahihisha, kisha yakafungwa kuwa kitabu na kuwekwa maktabani.

Fedha za kuanzia zilipitia bodi ya jimbo iliyoshughulikia kuutangaza mvinyo wa California. Bodi hiyo ilipokoma mwaka 1975, kazi nayo ikasimama. Ilifufuliwa mwaka 1983 kwa msaada wa mfuko wa jarida moja la mvinyo. Habari hii ya fedha tuiweke kando kwanza, tutairudia.

Kwa nini haraka? Tazama tarehe. Profesa William Cruess, aliyefundisha mambo ya vyakula na mvinyo kwa karibu nusu karne, alihojiwa na ofisi hiyohiyo hata kabla mpango wenyewe haujaanza, na maneno yake yakatoka mwaka 1967. Mwaka 1968 akafariki. Louis Martini, aliyezaliwa Italia mwaka 1887, masimulizi yake yalitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata hayupo. Antonio Perelli-Minetti, mzaliwa wa mwaka 1882, kitabu chake kilitoka mwaka 1975, naye akazikwa mwaka 1976. Waulizaji walikuwa wakigonga mlango huku mwenye nyumba yuko njiani kuondoka.

Sasa turudi nyuma kidogo, tuone hao wazee walikuwa wamepitia nini.

Tarehe 17 Januari 1920, Marekebisho ya 18 ya Katiba ya Marekani yalianza kutumika. Kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo kukawa marufuku nchi nzima. Sheria ya utekelezaji, iliyojulikana kwa jina la Volstead, ilihesabu kuwa kileo kinywaji chochote chenye nusu ya asilimia ya alkoholi. Kwa mvinyo, ambao kwa kawaida una asilimia 12 hivi, hapo hapakuwa na mjadala. Marufuku iliendelea mpaka tarehe 5 Desemba 1933.

Mtu akisoma sheria peke yake atadhani mizabibu yote iling'olewa ikawa kuni. Wazee wanasimulia mambo tofauti kabisa, na hapa ndipo ninapoona faida ya kumwuliza aliyekuwapo. Ndani ya sheria ile kulikuwa na kitundu: mkuu wa kaya aliruhusiwa kutengeneza nyumbani maji ya matunda yasiyolevya, na desturi ikawa galoni 200 kwa mwaka, yaani zaidi ya lita 750. Nani angekwenda kuonja kila jikoni kuhakikisha kwamba hayalevyi? Wataliano wa New York, wa Chicago na wa miji ya migodi walitaka zabibu, na California ilikuwa nazo. Treni zikajaa. Mashamba ya mizabibu, badala ya kufa, yakakaribia kuongezeka maradufu katika miaka ile ya 1920.

Robert Mondavi, ambaye baadaye jina lake lilijulikana dunia nzima, alikulia ndani ya biashara hiyo. Baba yake, Cesare, alikuwa mhamiaji wa Kitaliano katika jimbo la Minnesota, akatumwa na wenzake California kuwanunulia zabibu. Akaona huko ndiko kwenye riziki, akahamia mji wa Lodi na familia yake. Robert na ndugu yake Peter, wakiwa wavulana, walipigilia misumari masanduku ya mbao ya kusafirishia zabibu. Huo ndio mlango alioingilia katika kazi ya mvinyo: nyundo na misumari, wakati mvinyo wenyewe ni haramu kisheria.

Martini naye hakukaa kitako. Mwaka 1922 alifungua kampuni kule Kingsburg iliyokamua zabibu na kuzichemsha zikawa maji mazito, akawauzia watu waliotaka kujitengenezea nyumbani. Wengine walijishikiza kwa Kanisa, kwa sababu divai ya misa haikukatazwa. Georges de Latour wa kiwanda cha Beaulieu alikuwa na vibali vya divai hiyo, na akaendelea kukamua wakati jirani zake wamefunga milango. Watawa wa Christian Brothers pia walitengeneza divai ya misa, na mwaka 1932 wakahamia bonde la Napa. Mmoja wao, Brother Timothy, alikuwa mwalimu wa kemia tu alipopelekwa huko mwaka 1935. Akatumikia mapipa mpaka uzee wake.

Kwa hiyo zabibu zilikuwapo, na fedha zilikuwapo. Kilichokufa ni nini basi?

Kwanza, mizabibu yenyewe ilibadilishwa. Zabibu nzuri ya mvinyo mara nyingi ina ngozi laini, na haiwezi safari ya siku nyingi ndani ya behewa mpaka New York. Mnunuzi wa kule alitaka zabibu iliyofika nzima na yenye rangi kali. Wakulima wakapanda kwa wingi aina iitwayo Alicante Bouschet, yenye ngozi ngumu na maji mekundu kama damu, hata ukiikamua mara ya pili na kuiongeza maji na sukari bado rangi ipo. Aina bora zikakatwa, na mashina yake yakapandikizwa hiyo. Nani angemlaumu mkulima? Alikuwa akilisha watoto. Lakini mzabibu haupandwi leo ukavunwa kesho. Huchukua miaka mitatu au minne kabla haujazaa vya kutosha, na ukishakita shambani utakuwapo miaka 30 au zaidi. Sheria ilipofutwa mwaka 1933, mashamba yalikuwa bado yamejaa zabibu za kupendeza ndani ya behewa.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mikono ilikatika. Hapa msikilizaji wa Dodoma anaweza kutusaidia. Kule Dodoma, ambako mizabibu iliingia pamoja na wamisionari wa Kikatoliki wakati wa ukoloni, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. California huvunwa mara moja tu. Fundi akikosea mwezi wa Septemba, nafasi ya kujaribu tena ni Septemba ijayo. Mtu aliyefanya kazi hii miaka 40 amefanya majaribio 40, basi. Ukimwondolea mavuno karibu 14, umemnyang'anya theluthi ya elimu ya maisha yake. Na kijana aliyepaswa kusimama nyuma yake akitazama, akinusa, akitumwa kuleta ndoo, hakuwapo kabisa. Alikwenda kuuza magari.

Matokeo yalionekana mara moja. Mapipa yaliyokaa makavu miaka yote yalikuwa yamepasuka au yameota ukungu. Watu waliokimbilia kufungua viwanda hawakujua kuzuia mvinyo usigeuke siki, na chupa nyingine zilianza kuchachuka upya zikiwa kwenye rafu za maduka. Wanywaji nao walikuwa wamezoea vikali vya magendo, wakataka mvinyo mtamu ulioongezwa nguvu. Mvinyo wa aina hiyo uliendelea kuuzwa zaidi kuliko mvinyo wa kawaida wa mezani mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960.

Wataalamu wa chuo kikuu waliingia kusaidia. Cruess, aliyekuwa amekimbilia kwenye maji ya matunda, zeituni na matunda makavu wakati wa marufuku, alirudi kufundisha uchachukaji. Albert Winkler na kijana Maynard Amerine walizunguka jimbo zima wakikusanya zabibu, wakatengeneza mvinyo wa majaribio kwa mamia, na mwaka 1944 wakachapisha utafiti uliogawa California katika kanda tano kwa kujumlisha joto la siku za kukua kwa mzabibu, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Mkulima sasa aliweza kuambiwa: hapa kwako kuna baridi, panda hii, pale kuna joto, ile itaungua. Yote hayo Ruth Teiser aliyanasa kutoka vinywani mwao wenyewe, pamoja na yale ambayo taarifa za kitaalamu hazisemi.

Lakini kati ya wote waliohojiwa, mimi humrudia mara kwa mara André Tchelistcheff. Alizaliwa Moscow mwaka 1901. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi vilimkuta kijana katika jeshi la upande ulioshindwa, na huko Crimea aliachwa juu ya theluji akidhaniwa kuwa maiti. Hakuwa maiti. Alisoma kilimo Czechoslovakia, akaenda Ufaransa, na mwaka 1938 de Latour alimkuta Paris akifanya utafiti, akamwajiri. Alipofika Napa alikuta hali niliyoieleza: vyombo vichafu, joto lisilodhibitiwa wakati wa kuchachua, watu wenye nia njema wasio na elimu. Alisisitiza usafi, akachachusha mvinyo mweupe kwa ubaridi, akatafuta njia za kuikinga mizabibu na jalidi, akachunguza vijidudu vinavyopunguza ukali wa mvinyo baada ya uchachukaji wa kwanza. Alikaa Beaulieu mpaka mwaka 1973. Masimulizi yake yalitoka mwaka 1983, na katika jina la kitabu hicho aliunganisha zabibu, mvinyo na mazingira, wakati ambapo watengenezaji wengi walikuwa bado wanazungumza habari za mitambo tu.

Huyu ndiye aliyeunga uzi uliokatika. Maabara yake ikawa shule bila kuitwa shule. Mike Grgich, mhamiaji kutoka Croatia, aliajiriwa hapo mwaka 1959. Warren Winiarski, aliyeacha kufundisha chuoni Chicago ili ajifunze kazi hii kwa kuosha mapipa ya wengine, alimwita Tchelistcheff awe mshauri wake. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, waonjaji wa Kifaransa walipewa mvinyo wa nchi yao na wa California katika glasi zisizo na majina. Mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa umetengenezwa na Grgich huko Chateau Montelena. Mwekundu ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa Winiarski. Na mzee Tchelistcheff siku hizo alikuwa palepale Ufaransa, akiongoza msafara wa watu wa mvinyo wa California waliokwenda kujifunza kwa wenyeji!

Wengi huisimulia siku ile kama muujiza. Mimi naona masimulizi ya wazee yanaifanya isiwe muujiza hata kidogo. Soma ya Ernest Wente wa bonde la Livermore, yaliyotoka mwaka 1971. Alikuwa mtoto wa mhamiaji wa Kijerumani aliyeanza kiwanda mwaka 1883. Katika familia yao yanasimuliwa mambo ya mwaka 1912, kijana Ernest alipomshawishi baba yake aagize pingili za mzabibu wa Chardonnay kutoka kitalu cha Montpellier, Ufaransa. Pingili zikapandwa, zikavuka miaka ya marufuku, na mwaka 1936 akina Wente wakatoa mvinyo wenye jina la zabibu hiyo kwenye kibandiko, jambo ambalo Marekani halikuwa la kawaida. Sehemu kubwa ya mizabibu ya Chardonnay ya California ya leo ni vitukuu vya shamba hilo. Wakati dunia ya mvinyo ikiitazama Paris mwaka 1976, mzee aliyeipanda zabibu hiyo miaka 64 nyuma alikuwa bado hai.

Sasa turudi kwenye habari ya fedha niliyoiweka kando.

Mazungumzo haya yalilipiwa na wenye mvinyo, na yakafanywa zaidi na wenye mvinyo. Msimulizi alipewa nafasi ya kusahihisha maneno yake kabla hayajafungwa. Huo ni uungwana, na pasipo uungwana huo wazee wengi wasingefungua kinywa. Lakini mzee mwenye kiwanda, mwenye watoto wanaokirithi, hawezi kutarajiwa kusema kila kitu kuhusu galoni zilizotoka usiku mwaka 1926. Mwanahistoria anayeyasoma masimulizi haya bila kuyapima kwa hati za mahakama na magazeti ya wakati ule atapotea njia akiwa anatabasamu.

Tena, jina la mpango kwa miaka mingi liliwataja wanaume wa mvinyo. Wanawake walikuja kuonekana baadaye; Zelma Long wa kiwanda cha Simi, kwa mfano, masimulizi yake ni ya mwaka 1992. Na waliopogoa, waliovuna, waliobeba masanduku? Wachina waliochimba mahandaki ya kuhifadhia mvinyo katika karne ya 19, kabla ya sheria ya mwaka 1882 kuwafungia mlango wenzao wasiingie Marekani, hawakuacha kanda. Mwezi wa Septemba 1965, wavunaji wa zabibu wa Kifilipino waligoma kule Delano, na chama cha Wamexico cha Cesar Chavez kikajiunga nao. Kampuni ya Perelli-Minetti, yule mzee wa mwaka 1882 niliyemtaja, ilikuwa miongoni mwa zile ambazo bidhaa zake zilisusiwa, mpaka ilipotia saini mkataba na chama cha wafanyakazi hao mwaka 1967. Maisha ya mwenye kampuni yamo maktabani, yamefungwa vizuri, kuanzia utoto wake Italia. Aliyesimama nje ya lango lake na bango, huyo sharti atafutwe mahali pengine.

Silitaji hili ili kumdharau Ruth Teiser. Mtu mmoja na kinasa sauti hawezi kuwahoji watu wote wa jimbo, naye alianza na wale waliokuwa wanakufa upesi na ujuzi ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kama angengoja mpaka apate orodha kamili na yenye haki kwa kila mtu, asingempata Martini, wala Perelli-Minetti, na habari ya jinsi watu wa kazi hiyo walivyoishi ndani ya marufuku ingebaki kuwa ya polisi na wanasiasa peke yao.

Tchelistcheff alifariki mwezi wa Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 92. Ruth Teiser alimfuata mwezi wa Juni mwaka huohuo. Kazi ikachukuliwa na Carole Hicke, akaendelea kuwafuata waliobaki.